Mkono na Sikio: Historia ya Kujifunza Kubuni kwa Gitaa

Miongoni mwa sanaa za muziki ni chache zinazowastaajabisha wasikilizaji kama ile ya mpigaji anayebuni papo hapo. Hana karatasi mbele yake, wala hakariri alichokitunga jana. Hukaa na chombo chake, akatoa sauti ambazo hazijapata kusikiwa katika mpango ule, na hata hivyo njia haimpotei. Katika taarabu ya Unguja mpigaji udi hupewa nafasi ya namna hiyo katika taksimu. Hutoka katika sauti moja, akazunguka, akapanda na kushuka, kisha akarudi alikotoka, na wajuzi humpima kwa jinsi alivyorudi. Gitaa nalo lina historia ndefu ya sanaa hii, na ndani ya historia hiyo limo swali ambalo halijaacha kuwashughulisha walimu na wanafunzi: ustadi wa kubuni hupatikanaje? Huingia kwa mkono, au huingia kwa sikio?

Siku hizi jibu linalotolewa kwa wingi ni la mkono. Mwanafunzi anayetaka kubuni hupewa michoro ya shingo ya gitaa yenye vitone vyeusi, akaambiwa azoeze vidole kuvipitia juu na chini, kila siku, mpaka vidole vijue njia hata gizani. Wengi hutii. Baada ya mwaka mmoja au miwili vidole vyao hukimbia kwa wepesi wa kupendeza, lakini wakiombwa kubuni hujikuta wanapanda na kushuka ngazi ile ile, kama mtu ajuaye alfabeti yote asiwe na neno la kusema. Baadhi hukata tamaa, wakadhani kwamba kubuni ni kipawa walichonyimwa. Kabla ya kukubali hukumu hiyo ni vema kuchunguza zoezi lenyewe lilitoka wapi, lilibuniwa kwa kazi gani, na wale waliosifika kwa kubuni walijifunza kwa njia ipi.

Kwanza haina budi kueleweka kwa nini gitaa lina shida hii kuliko vyombo vingine. Piano ina mahali pamoja tu pa kila sauti. Gitaa si hivyo. Shingoni mwake vimelazwa vipande vyembamba vya chuma, yaani freti, na kila freti huongeza nusu hatua ya sauti. Nyuzi ni sita, nazo hupishana kwa freti tano tano, isipokuwa uzi wa tatu na wa pili, ambazo hupishana kwa freti nne. Kwa hiyo sauti itokayo katika uzi wa kwanza ukipigwa wazi hupatikana tena katika uzi wa pili kwenye freti ya 5, katika uzi wa tatu kwenye freti ya 9, na katika uzi wa nne kwenye freti ya 14. Sauti ni moja, mahali ni walau panne. Mpigaji anayetafuta sauti kama hiyo ana njia kadhaa za kuifikia, na kila njia humpeleka kwenye majirani tofauti.

Ili kuondoa mashaka hayo walimu waliigawa shingo kwa vituo. Mkono wa kushoto ukitulia mahali pamoja hufunika freti nne, kidole kimoja kwa kila freti. Mahali hapo huitwa kituo, nacho huhesabiwa kwa freti iliyo chini ya kidole cha shahada. Zile sauti saba zinazofuatana, ambazo wanamuziki huziita skeli na ambazo kwa lugha ya kawaida zaweza kuitwa ngazi ya sauti, zikipangwa kwa vituo huwa na maumbo matano shingoni kote, kila moja likiungana na jirani yake. Hapo gitaa huonyesha ukarimu ambao piano haina. Umbo likisogezwa freti mbili mbele, ngazi nyingine hupatikana bila kubadili kidole hata kimoja. Ngazi kuu ni 12. Maumbo matano hutosha kwa zote, hali mpigaji piano hana budi kuizoea kila moja kwa mpango wake wa vidole. Walakini ukarimu huo una hatari ndani yake. Katika gitaa mtu aweza kulijua umbo kikamilifu asijue ni sauti zipi anazozipiga, wala zinapiga hodi katika mlango gani wa wimbo.

Historia ya mambo haya katika vitabu yaanzia Hispania ya karne ya 16. Ulaya ya siku hizo ilikipenda mno chombo cha luti, ambacho jina lake limetokana na neno la Kiarabu la udi, lakini Wahispania waliokuwa na cheo waliipenda zaidi vihuela, nduguye gitaa, mwenye jozi sita za nyuzi. Mwaka 1536 Luis Milán wa Valencia alichapisha kitabu alichokiita El Maestro, maana yake Mwalimu, nacho ndicho cha kwanza miongoni mwa vitabu vya vihuela vilivyosalia. Sehemu kubwa ya kitabu ni vipande viitwavyo fantasia, vilivyopangwa kutoka vyepesi hadi vigumu. Jina hilo lilitumika kwa muziki usiofuata wimbo wala ngoma, bali mawazo ya mpigaji mwenyewe. Katika baadhi ya fantasia hizo Milán alielekeza kwamba mafungu ya sauti zinazolia pamoja yapigwe polepole, na miendo ya sauti moja moja ipigwe upesi. Maelekezo hayo yanatoa picha ya mtu anayebuni: husimama kidogo juu ya fungu la sauti akitafuta njia, kisha hukimbia akiisha kuiona.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba Milán hakumpa mwanafunzi ngazi tupu. Alimpa vipande vizima, vyenye mwanzo na mwisho, ili mkono na sikio vijifunze pamoja. Mwaka 1555 padri wa shirika la Wafransisko, Juan Bermudo, alichapisha huko Osuna kitabu kikubwa juu ya vyombo vya muziki, na ndani yake aliwaonya wanaoanza vihuela wasiharakishe kupiga fantasia zao wenyewe. Aliwataka kwanza wazihamishie kwenye vihuela nyimbo za watungaji wema, waanze na zile nyepesi, kisha wapande hadi kazi za mabingwa kama Josquin na Gombert. Baada ya kuyameza hayo ndipo waanze kubuni. Miaka 10 baadaye, mwaka 1565, padri mwingine, Tomás de Santa María, alitoa huko Valladolid kitabu kizima juu ya sanaa ya kupiga fantasia, kwa kinanda na kwa vihuela. Kwa watu hawa kubuni kulikuwa elimu yenye taratibu, wala si bahati ya kuzaliwa. Lakini mlango wa elimu hiyo ulikuwa muziki uliokwisha tungwa na kusikiwa.

Desturi hiyo haitakuwa ngeni kwa anayejua jinsi malenga wa Kiswahili anavyofundishwa. Kijana hahesabiwi mizani kumi na sita na kuambiwa aende akatunge. Husikiliza mashairi, akayakariri, akajua kwa sikio mahali ambapo kina hutua, na hesabu humjia kama jina la kitu alichokwisha kukifahamu. Mizani ni za lazima, na shairi lisilo na mizani huchekwa. Hata hivyo hesabu ya mizani peke yake haijapata kumfanya mtu kuwa malenga.

Katika karne ya 17 gitaa lenyewe, wakati huo lenye jozi tano za nyuzi, lilichukua mahali pa vihuela. Gaspar Sanz, aliyechapisha mafunzo yake huko Zaragoza mwaka 1674, alitoa jedwali alilolipa jina la mazeraza, yaani njia nyingi zinazopindana. Ndani yake umbo moja la vidole laonyeshwa katika sehemu mbalimbali za shingo, ili mwanafunzi alihamishe na kupata fungu lile lile kwa sauti za juu na za chini. Hapa yumo babu wa michoro ya leo. Lakini Sanz aliliweka jedwali lake karibu na ngoma ambazo wasomaji wake walizijua tangu utoto, zile ambazo watu walizicheza na ambazo mpigaji alitakiwa kuzirudia mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine. Jedwali lilimjibu mtu aliyekwisha kuuliza: wimbo huu ninao, je, naweza kuupigia wapi tena?

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, hasa mjini Paris. Gitaa lilikuwa limepata nyuzi sita moja moja, na muziki wake uliandikwa kwa nota za kawaida badala ya tarakimu za nyuzi na freti. Fernando Sor alitoa mafunzo yake mwaka 1830, na Matteo Carcassi yake mwaka 1836. Tarakimu za zamani zilimwambia mpigaji aweke kidole wapi. Nota humwambia sauti tu, na mahali hapana budi kupachagua mwenyewe. Ndiyo maana vituo vilianza kufundishwa kwa utaratibu, kila kimoja na ngazi zake na mazoezi yake. Carcassi alimpitisha mwanafunzi kituo baada ya kituo, na mafunzo yake yalitumika kwa vizazi vingi. Mazoezi hayo ni mema na yamewafaa maelfu, lakini yalikuwa na kazi moja: kumwezesha mwanafunzi kusoma muziki ulioandikwa na mtu mwingine, na kuupiga bila kukwama.

Katika karne ya 20 njia hiyo ilifikia kilele chake kwa Andrés Segovia, Mhispania aliyelipeleka gitaa katika kumbi kubwa za dunia. Mwaka 1953 zilichapishwa ngazi zake, kubwa na ndogo, pamoja na vidole vyake, naye aliwasihi wanafunzi wazipige saa mbili kila siku kwa ajili ya nguvu na unyofu wa mkono. Segovia hakuwa mbuni wa papo hapo. Alikuwa mfasiri wa kazi za watungaji. Ngazi kwake zilikuwa kama mazoezi ya viungo kwa askari. Basi huu ndio ukweli wa kwanza ambao historia inaonyesha: zoezi ambalo leo hupewa anayetaka kubuni lilikuzwa na watu waliotaka kusoma.

Wabuni wenyewe wakati huo walikuwa mahali pengine, nao walijifunza kwa namna nyingine. Charlie Christian alizaliwa Bonham katika jimbo la Texas mwaka 1916, akakulia Oklahoma City. Mwaka 1939 alijiunga na bendi ya Benny Goodman akiwa na gitaa la umeme, chombo kilichokuwa bado kigeni, akalitoa gitaa katika kazi ya kushika mapigo na kulifanya liseme mbele ya watu kama saksafoni. Aliugua kifua kikuu akafa mwaka 1942, kabla hajatimiza miaka 26. Waliochunguza santuri zake wameona kwamba miendo yake ilizunguka katika maumbo ya mafungu ya sauti. Mkono wake ulijua fungu, na sikio lake likaongozwa na wimbo kuchagua sauti za kupitia. Vituo alikuwa navyo, ila vilikuwa vituo vilivyojaa nyimbo.

Ulaya alikuwako Django Reinhardt, wa watu wa Roma, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari alimoishi liliungua moto, na mkono wake wa kushoto ukaharibika hata kidole cha pete na kidole cha mwisho visiweze tena kufanya kazi yake ya kawaida. Michoro yote ya vidole vinne ilikuwa haina maana kwake tangu siku hiyo. Alianza upya akiitegemea shahada na kidole cha kati, akivivuta vile viwili vibovu katika baadhi ya mafungu tu, akawa badala ya kukaa katika kituo huteleza shingoni kwa urefu. Mwaka 1934 alikuwa kiungo cha bendi ya Hot Club de France, na kabla ya kufa kwake mwaka 1953 dunia ya jazi ilikuwa imemkubali kuwa bingwa. Kisa chake hurudiwa mara nyingi kama mfano wa ushujaa, na kwa haki. Lakini chafundisha jambo jingine pia. Kama vituo ndivyo vinavyozaa kubuni, mtu aliyenyang'anywa vidole vya kuvishika asingaliweza kubuni.

Wa tatu ni Wes Montgomery wa Indianapolis, aliyezaliwa mwaka 1923. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi alipoisikia santuri ya Christian iitwayo Solo Flight, akanunua gitaa na kuanza kuzitafuta shingoni sauti alizozisikia, moja baada ya moja. Hakujua kusoma nota. Baada ya muda alipata kazi klabuni ya kupiga sehemu za Christian alizozikariri, na zilipokwisha hakuwa na kingine cha kupiga. Ili asiwasumbue watu kwa kelele aliacha kipande cha kupigia, akatumia kidole gumba, na sauti laini iliyotoka hapo ikawa alama yake. Santuri aliyoipiga mwaka 1960, The Incredible Jazz Guitar, yaonyesha mtu aliyekwisha kuwa na usemi wake mwenyewe. Alipita kwa Christian kama Bermudo alivyowataka vijana wa Hispania wapite kwa Josquin: kwanza maneno ya bingwa yote moyoni, kisha maneno yake mwenyewe. Hapana dalili kwamba mmoja alipata kusikia habari za mwingine. Njia ilifanana kwa sababu kazi ilifanana.

Wakati watu hao wakipiga, fikira za wanamuziki wasomi zilikuwa zikigeukia ngazi. Mwaka 1947 Nicolas Slonimsky alitoa kitabu kikubwa cha ngazi na miendo ya sauti, ambacho wapigaji wa jazi walikipekua kutafuta mambo mapya. Mwaka 1953 George Russell alieleza katika kitabu chake kwamba kila fungu la sauti lina ngazi yake ya asili. Mwaka 1959 Miles Davis, mpigaji tarumbeta, alirekodi mjini New York santuri ya Kind of Blue, akiwapa wenzake mwongozo mfupi tu wa ngazi, badala ya mafungu mengi yanayobadilika upesi. Kipande cha kwanza katika santuri hiyo, So What, kina vipimo 32. Kwa vipimo 16 mpigaji hukaa katika ngazi moja. Kwa vipimo vinane huhamia katika ngazi ile ile iliyopandishwa nusu hatua. Kwa vinane vya mwisho hurudi. Kwa mpigaji gitaa maana yake ni kulisogeza umbo moja freti moja mbele, kisha kulirudisha.

Yamkini hapana muziki uliosaidia zaidi kueneza imani kwamba ngazi ndiyo kubuni. Maelezo ya kipande hicho hutosha katika mstari mmoja, na mwanafunzi wa miezi sita aweza kuupitisha mkono katika sauti zake zote asikosee hata moja. Lakini akiusikiliza upigaji wa Davis mwenyewe atasikia ukimya mrefu, sauti chache, na sentensi zinazoulizana na kujibizana. Sauti zile saba ziko wazi kwa kila mtu; tofauti imo katika kujua ipi iachwe. Davis alifika penye uhuru huo baada ya zaidi ya miaka 10 ya kupiga nyimbo zenye mafungu magumu, tangu alipokuwa kijana katika bendi ya Charlie Parker. Ngazi ilimpunguzia mzigo mtu aliyekwisha kuubeba. Anayeanza hana mzigo wa kupunguziwa.

Shule zilizikubali ngazi kwa sababu nyingine pia, isiyo na ubaya wowote. Katika miaka ya 1960 gitaa lilipendwa na vijana wengi kupita kiasi, na vyuo vilianza kulifundisha. Katika chuo cha Berklee mjini Boston, William Leavitt aliiongoza idara ya gitaa kwa muda mrefu, hadi alipokufa mwaka 1990. Mwaka 1966 alichapisha kitabu cha kwanza kati ya vitatu vya mafunzo yake, ambamo vidole vya ngazi vimepangwa kwa makini hata mpigaji aweze kuzipata ngazi nyingi bila kuhama kituo. Kwa sehemu kubwa vitabu hivyo bado ni vya kusoma nota, kama vya Carcassi. Mwandishi hakuahidi kwamba vidole vitabuni vyenyewe. Walakini mwalimu mwenye wanafunzi 30 huhitaji kitu kinachoweza kugawiwa kwa hatua, kupewa alama, na kutahiniwa. Maumbo matano ni mepesi kutahini. Sikio ni gumu kutahini. Kidogo kidogo kile kilichoweza kupimwa kikachukua mahali pa kile kilichotakiwa kujulikana, na michoro ikasafiri duniani bila nyimbo zake.

Ili kuipima hoja hii yafaa kutazama mahali ambapo kubuni kwa gitaa kulisitawi bila kitabu cha vituo, na ambapo Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya nyimbo. Mahali hapo ni Katanga, katika Kongo. Machimbo ya shaba yaliwakusanya huko wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Gitaa likawa chombo cha vijana wa mjini. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930. Santuri za Mwenda, hasa ile ya Masanga, zilimfanya ajulikane mbali na kwao. Mwenda na Edouard Masengo wote wawili waliwahi kufanya kazi Nairobi, na wapigaji wengi wa Kenya waliufuata mtindo huo. Mwaka 1969 Mwenda alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani. Alikufa kwa ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990.

Upigaji huo watumia vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba hushika nyuzi nzito, na kidole cha shahada hujibu katika nyuzi nyembamba, hata msikilizaji asiyeona hudhani wapigaji ni wawili. Mara nyingi mkono wa kushoto hukaa karibu na kichwa cha gitaa, penye nyuzi wazi. Kwa kipimo cha vitabu mpigaji huyo anajua kituo kimoja kati ya vitano, na mtahini angemrudisha darasa la kwanza. Lakini wimbo ni mzunguko mfupi unaorudi tena na tena, na katika kila marejeo kitu kidogo hubadilika: sauti moja hucheleweshwa, nyingine huongezwa, gumba laendelea na shahada yanyamaza, kisha jibu laja mahali lisipongojewa. Huko ndiko kubuni, na kwafanywa mahali padogo kama kiganja.

Wasomi waliotega sikio hawakukosa kuliona hilo. David Rycroft wa Chuo Kikuu cha London aliandika makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na mwaka 1962, akiziandika kwa nota nyimbo za Mwenda; na neno alilolichagua kwa kichwa cha makala zake ni kubuni. Baadaye mpigaji Mwingereza, John Low, alisafiri hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, kujifunza kwa wapigaji wenyewe, na habari za safari hiyo zikachapishwa Vienna mwaka 1982. Alifanya alichofanya Montgomery mbele ya santuri, ila yeye alikwenda mbele ya watu.

Je, historia hii yawahukumu wanaofundisha vituo? Hapana. Asiyejua shingo ya chombo chake hufungwa mahali pamoja hata kama sikio lake laita mbele, na wengi waliojifunza kwa sikio peke yao walipoteza miaka kutafuta kile ambacho mchoro mmoja ungaliwaonyesha kwa siku moja. Kinachohukumiwa ni mfuatano. Kwa Milán, kwa Sanz, kwa Christian na kwa Mwenda, wimbo ulitangulia na ramani ilifuata, iwe karatasini au katika mkono tu. Vitabu vya baadaye vilirithi ramani, na wanafunzi wa vitabu hivyo wakaanza safari kwa ramani ya nchi wasiyoijua hata kwa jina.

Jambo hili lina uzito katika Afrika ya Mashariki, ambako vyuo vinafundisha gitaa kwa mitaala inayofuata vitabu hivyo. Kijana aliyelelewa na nyimbo za kwao aingiapo darasani akakabidhiwa maumbo matano kana kwamba ndiyo mwanzo wa maarifa, hufundishwa kimyakimya kwamba alichokuja nacho si muziki. Huacha sikioni mwake hazina ambayo vidole vyake vingehitaji, kisha hushangaa kwamba vidole havina la kusema. Mwalimu hahitaji kutupa michoro yake ili kuliepuka hilo. Amtake mwanafunzi auimbe kwanza wimbo mmoja anaoujua, autafute shingoni mpaka aupate, aupate tena katika kituo cha pili na cha tatu, aubadilishe kidogo katika kila marejeo. Na hapo, akiisha kuulizwa na vidole vyake mwenyewe njia nyingine iko wapi, ampe mchoro. Mwanafunzi huyo hatauona kuwa zoezi. Atauona kuwa jibu.